Kikuba cha Alasiri

"Freshi tu, afande."

Ndivyo alivyojibu Fundi Kombo alipoulizwa hali. Alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya mahabusu, midomo imempasuka kwa kiu, na sahani ya wali wa jana pembeni yake imeshavamiwa na sisimizi. Freshi! Inspekta Mwanabaraka nusura alitukane neno lenyewe. Bagamoyo nzima ilikuwa imelishika. Samaki aliyelala siku tatu kwenye barafu, freshi. Kijana hajapata kibarua tangu Ramadhani, freshi. Mwulize hali aliyetoka kuzika, naye atakwambia freshi. Waingereza wenyewe walikuwa na maana yao: kitu kibichi, kipya, ambacho hakijaguswa na uozo. Watu wa pwani wakaligeuza tambara la kufungia kila kidonda.

"Fundi, kesho asubuhi unapandishwa kizimbani kwa mauaji. Hayana dhamana hayo. Unanielewa?"

"Nimekuelewa."

"Haya, niambie tena. Shamsudin ulimuuaje?"

"Nilishasema. Nilimchoma kisu cha kifua."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Kisu kiko wapi?"

"Baharini."

"Na maiti?"

"Huko huko."

Mwanabaraka alichuchumaa, akatoa kwenye mfuko wa ushahidi shati la mikono mirefu lililogandamana damu kifuani mpaka kiunoni. Lilikutwa kwenye mikoko ya Kaole, karibu na pikipiki ya Shamsudin, na maabara ilishathibitisha kwamba damu ni yake.

"Ndilo alilokuwa amevaa ulipomchoma?"

"Ndilo."

"Nionyeshe tundu la kisu."

Kombo aligeuza shingo akalitazama lile shati. Hapakuwa na tundu. Hapakuwa hata na uzi uliochomoka. Akageukia ukuta.

"Andika unavyotaka, mama. Mnipumzishe tu."

Hakuwa akimficha mtu, na hakuwa mwendawazimu. Alikuwa mtu aliyetaka kufa na amepata pa kufia. Kisa chenyewe kila mtu mjini alikijua. Shamsudin, mtoto wa ukoo mkubwa wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, alikuwa na boti la abiria. Kombo, fundi wake wa maboti, alimwambia mbao za chini zimeoza. Wiki mbili baadaye akaliona boti limepakwa rangi ya buluu inayong'aa, na mwenyewe amelisimamia kifua mbele: "Nimeshabadilisha mbao zote, fundi. Sasa liko freshi." Kombo akaamini. Akampakia mwanawe wa pekee, Haji, aende kumwona bibi yake Unguja. Boti lilipasukia njiani kama nazi kavu. Haji alirudi akiwa amefungwa kwenye mkeka. Baada ya maziko Kombo alikwenda sokoni, akamkamata Shamsudin kanzu mbele ya watu akapiga kelele: "Na wewe utakufa! Wallahi utakufa kama ulivyowaua!" Tume ya kuchunguza ajali ilikuwa imeshamwita Shamsudin kutoa maelezo. Kabla siku yake haijafika akatoweka, likaonekana shati.

"Sikugonga mbao," Kombo alinong'ona ukutani. "Niliona rangi mpya nikaridhika. Fundi gani huyo hagongi mbao?"

Mwanabaraka alilikunja shati akalirudisha kwenye mfuko wa ushahidi. Akainuka akatoka.

Kwenye benchi la nje alikuwapo Mina, mke wa Kombo, na bakuli la uji mapajani. Kila siku alikuja nalo limejaa, na kila siku alirudi nalo limejaa.

"Kakubali kula?"

"Bado, Mama Haji."

"Basi anakufa huyu." Mina hakulia, machozi yalishamwishia. "Afande, mimi ni mwanamke mwenzako, nikwambie kitu. Viatu vya mwanangu vipo mlangoni mpaka leo. Alivua vile vya shule, akavaa vya safari. Navivuka asubuhi, navivuka jioni. Nasema, siku baba yake akirudi ataviondoa yeye, mimi siwezi. Sasa naye mkinichukulia, nitabaki na viatu vya watu wawili?"

"Nitajitahidi."

"Usijitahidi. Nirudishie mume wangu."

Mrakibu Masoud, mkuu wa upelelezi, alikuwa ofisini akipanga jalada la kesho. Mzee wa staha, mtu wa swala tano, asiyependa mambo yenye kelele.

"Umerudi Chalinze mikono mitupu," alisema, na hakuwa anauliza.

"Nimerudi na simu ya Shamsudin, afande."

Simu ile iliwaka Jumatatu huko Chalinze, na kituo kizima kikaruka kwa furaha: muuaji kaiuza. Mwanabaraka alikwenda mwenyewe. Ridhiwani, muuza simu za mkononi pale malori yanapolala, hakusumbua hata kidogo. Kainunua kwa utingo wa lori la mananasi. Utingo naye akaapa kwa mama yake: waliyapakia mananasi Kiwangwa kwa mkono, moja moja, simu hapakuwapo. Wakapita Bagamoyo mjini kushusha machache kwa mteja mmoja. Walipofika Chalinze, simu imo katikati ya mananasi, imezimwa.

"Na Jumatatu hiyo," Mwanabaraka alisema, "Kombo alikuwa humu ndani tangu Alhamisi iliyotangulia. Atatupaje simu kwenye lori?"

"Ana ndugu. Ana marafiki. Mwanamke, mtu amekiri kwa kinywa chake!"

"Amekiri kuchoma shati lisilo na tundu. Afande, mjane mlimhoji?"

"Tulimhoji mara mbili. Binti mwenyewe yuko eda, maskini, tulisimama nje ya chumba kama inavyotakiwa, akatujibu nyuma ya pazia."

"Kwa hiyo mlihoji pazia."

Masoud alivua miwani yake polepole. "Inspekta, yule ni mwenye eda. Haonwi na mwanamume baki. Mimi niko pwani hii tangu nizaliwe, hutanifundisha adabu."

"Sikufundishi, afande. Nauliza tu, sheikh alisemaje kuhusu eda hiyo?"

Masoud alirudisha miwani usoni. "Sheikh alimshauri asubiri, maana maiti haijaonekana. Mwenyewe akang'ang'ania kwamba moyo umemthibitishia. Akaingia."

"Aliambiwa asubiri, akakimbilia eda." Mwanabaraka alichukua mtandio wake. "Mimi si mwanamume, mzee wangu. Niruhusu nikatoe pole."

"Mpaka magharibi. Baada ya hapo nafunga jalada."

Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa alipofika Mji Mkongwe akiwa na Koplo Bwanausi. Kibanda alichoshushia mananasi yule mwenye lori kilikuwa kimeandikwa kwa rangi nyekundu JUISI FRESHI, na ndani yake alikaa Bi Biubwa, mwanamke mnene wa makamo aliyejaa maneno, uteo wa maua mapajani, anafunga vikuba. Asumini zilizofumba, majani ya rihani, kipande cha mkadi, uzi, tayari. Akimaliza kimoja anakinyunyizia maji kwa vidole.

"Shikamoo, Bi Biubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu juisi. Usitazame kibao, kaandika mjukuu. Mimi nilimwambia aandike 'mbichi', akanambia bibi, 'mbichi' haiuzi." Alicheka mpaka uteo ukatikisika. "Nanasi ni nanasi. Maua ndiyo huwezi kumdanganya mtu. Asumini naichuma sasa hivi ikiwa imefumba, inafumbuka magharibi inanukia nyumba nzima, ikipambazuka imeshakuwa rangi ya chai. Hiyo ndiyo freshi yenyewe, haikubali kulala."

"Lori la Kiwangwa hushushia hapa?"

"Husimama pale, chini ya ukuta wa marehemu." Alionyesha kwa kidevu. "Jumatatu kwa Jumatatu."

Mwanabaraka alifuata kidevu kile. Ng'ambo ya barabara ilisimama nyumba ya mawe ya Shamsudin, mlango wa nakshi, na juu kabisa dirisha moja lenye mbao zilizoegeshwa. Pale lori linaposimama ni chini ya dirisha hilo hasa. Mtu aliye juu akinyoosha mkono akaachia kitu, kinaangukia kwenye mananasi.

"Kile chumba cha juu cha nani?"

"Cha bibi harusi, eh, astaghfirullah, cha mjane. Nasrin. Yuko eda humo, hata kivuli chake hatukioni. Shughuli zote za nje anafanya wifi yake, Shamsia." Biubwa alipunguza sauti, ila si kwa kiasi cha kumzuia Bwanausi kusikia. "Tena Shamsia siku hizi kanichangamkia! Kila alasiri, kikuba kimoja. Nikamwambia, we Shamsia, matanga hayajapoa unavaa maua? Kasema yake yeye, anatuliza moyo. Ametoka hapa sasa hivi tu, kabla yenu."

"Sasa hivi?"

"Maji hata hayajamkauka mkononi."

Shamsia alifungua mlango nusu. Mwanamke mkavu, mrefu, kanga imefungwa mpaka kidevuni. Walisalimiana kama inavyopasa, wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za afya, na muda wote huo macho ya Mwanabaraka yalikuwa kifuani na kichwani kwa mwenyeji wake. Hapakuwa na ua hata moja. Wala harufu yake.

"Nimekuja kumpa pole mjane."

"Polisi walishakuja."

"Walikuja wanaume. Mimi ni mwanamke, dada yangu. Ndani kwa mwenye eda nina ruhusa kama wewe."

Shamsia alitafuta neno la kumzuia, asilipate. Dini yenyewe aliyoifanya ngao ndiyo iliyomfungulia mgeni mlango. "Koplo abaki chini," alisema hatimaye.

"Atabaki chini mpaka aitwe."

Walipanda ngazi za giza. Kila hatua Shamsia alikohoa kwa sauti kubwa kuliko kifua chake. Mwanabaraka alikihesabu kikohozi hicho kuwa ni kengele.

Nasrin alikuwa juu ya msala, gauni lisilo na ua wala nakshi, kichwa kimefunikwa. Binti mdogo, pengine hata miaka ishirini na tano hajafika. Macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Pole kwa msiba, mwanangu."

"Tumeshapoa."

"Chakula kinapita?"

"Alhamdulillah."

Mwanabaraka aliketi ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa, akachungulia chumba taratibu kama mgeni yeyote. Kitanda cha samadari. Kabati. Pazia zito linaloficha mlango wa chumba cha kuogea. Hapakuwa na chetezo cha udi, na hapakuwa na chupa ya mafuta mazuri. Yote kama sheria ya eda inavyotaka: mjane hajirembi, hajitii manukato, miezi minne na siku kumi. Ila foronya ya mto mmoja ilikuwa na doa la maji.

Akaunyanyua mto.

Kikuba kilikuwa hapo chini, kimefungwa vizuri, asumini zote zimefumba bado, nyeupe pee, na juu ya jani la rihani limebaki tone la maji la Bi Biubwa.

"Bi Nasrin, hiki nini?"

"Cha zamani." Sauti ilimtoka nyembamba. "Cha harusi yangu. Nakiweka kwa kumbukumbu."

"Harusi yako ilikuwa leo alasiri?"

Shamsia mlangoni alijibu kwa niaba yake, "Ni changu mimi, nimekisahau hapo!"

"Chako wewe, kiko chini ya mto wa mjane, na nguoni mwako hamna hata harufu. Bi Shamsia, njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye foronya." Mwanabaraka hakumgeukia. Alikuwa anamtazama binti. "Mwanangu, mwanamke wa Kiislamu wa mji huu, aliyelelewa akaleleka, anakaa eda huku anavaa asumini? Kila siku? Wewe unajua ni haramu, na mimi najua unajua. Ungeivaa tu kama huna eda. Na eda huna kama hukufiwa."

Binti aliushika ukingo wa msala akaukunja.

"Kuna mtu kule kituoni," Mwanabaraka aliendelea, "hali, na maji ni tone kwa tone. Kazika mtoto. Kesho tunampeleka akashitakiwe kwa kumuua mumeo. Mkewe yuko kwenye benchi na bakuli la uji. Nasrin, nakuomba. Mimi sina kitu kingine mkononi isipokuwa haya maua, na magharibi ikiingia yamekwisha kazi."

"Ni uchuro," Nasrin alisema.

"Nyamaza!" Shamsia alifoka.

"Ni uchuro, wifi! Nilikwambieni tangu mwanzo!" Sasa yalikuwa yanamtoka yote, machozi na maneno. "Kukaa eda ya mume aliye hai ni kumwita Izraili kwa jina lake! Kila nikivaa gauni hili naona nampokonya roho kwa mikono yangu. Ndiyo nikasema jioni nivae asumini, nilale nayo kama mke, niuvunje uchuro. Mtanisamehe. Sikuwa na la kufanya, mie."

Macho yake yalikwenda kwenye pazia la chumba cha kuogea. Yalikwenda mara moja tu, yakarudi chini.

"Koplo Bwanausi!" Mwanabaraka aliita. "Panda!"

Shamsia alijibandika mlangoni, mikono imetanda. "Huna haya! Chumba cha mwenye eda hakiingii mwanamume!"

"Yumo mmoja tayari, Bi Shamsia. Tunaongeza wa pili."

Bwanausi alifika juu akihema, akasita kizingitini, na kwa adabu aliyolelewa nayo akavua viatu kwanza. Mwanabaraka alishika pazia akalivuta.

Shamsudin alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikoi kiunoni, ndevu zimeota ovyo. Mkono wa kushoto ulikuwa na jeraha refu lililoanza kukauka. Hapo ndipo ilipotoka damu ya shati, ikamwagwa kifuani bila mtu kukumbuka kwamba kisu hutoboa nguo kabla ya nyama.

"Afande," alisema, akajaribu tabasamu la dukani, "tukae tuzungumze kama watu wazima. Nilikuwa nasubiri mambo yapoe tu. Watu walikuwa na hasira."

"Na Kombo?"

"Kombo amekiri mwenyewe. Mimi nimemlazimisha?"

Mwanabaraka, aliyekuwa kazini miaka mingi na hajawahi kumpiga mtuhumiwa, alilazimika kuweka mikono nyuma.

"Mbao ulibadilisha?"

"Boti lilikuwa freshi, wallahi, kila mtu aliliona..."

"Mbao. Ulibadilisha?"

Shamsudin alitazama miguu yake. "Nilikuwa nimepanga kubadilisha."

"Mfunge pingu, Koplo. Huku mbele, ili mji umwone."

Walimpitisha barabarani wakati Bi Biubwa anauza kikuba cha mwisho. Uteo ulimdondoka. Hakupiga yowe, na yeye ndiye mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila kitu. Alisema tu, "Marehemu," akakaa chini.

Mrakibu Masoud alikuwa kwenye ngazi za kituo. Aliutazama uso wa yule ambaye kesho angeandika kwamba ameuawa, kisha akaona kikuba mkononi mwa Mwanabaraka.

"Alikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia, afande."

Mzee aliinamisha kichwa. Alikumbuka sehemu aliyosimama mara mbili, amefumba mikono kwa staha, hatua chache tu kutoka kwa huyu mtu. "Nitasaini mwenyewe," alisema, akaingia kuandika hati ya kumwachia Kombo.

Mwanabaraka alimsimamisha Shamsudin mbele ya nondo za mahabusu.

"Fundi Kombo. Geuka umwone."

Kombo aligeuka. Alimtazama muda mrefu. Hakusimama, hakurusha mkono, wala hakutukana. Askari waliojipanga kuzuia ugomvi wakabaki hawana kazi.

"Mzima," alisema.

"Mzima," Mwanabaraka alijibu. "Hukumuua. Unatoka leo."

"Aha." Akageukia tena ukuta. "Mpelekeni huyo. Mimi niacheni hapa hapa."

Walimpeleka. Mlango wa mahabusu ukafunguliwa, na Kombo hakutoka. Mwanabaraka alichuchumaa kando yake akasema yote aliyoyajua: kwamba tume itaendelea, kwamba mbao zilizooza zitatolewa baharini zionyeshwe, kwamba Shamsudin atajibu kwa kila roho. Kombo alisikiliza kwa upole.

"Sheria yako ina kifungu cha fundi asiyegonga mbao?"

"Haina."

"Basi."

Maji yalikuwa yamezidi unga. Mwanabaraka alikuwa amemshinda muuaji bandia, na mfu bandia, na pazia, lakini mtu aliyetaka kumwokoa alikuwa anamponyoka pale pale mlango ukiwa wazi. Akatoka nje akamwita Mina. Hakumwambia la kusema, maana hakulijua.

Mina aliingia na bakuli lake. Hakumkumbatia mumewe. Alisimama juu yake tu, kanga imemlegea begani.

"Inuka, baba Haji."

"Siwezi kurudi nyumba ile. Kuna viatu."

"Vipo. Vimeelekea ndani, kama alivyoviacha."

"Ungeviondoa, Mina."

"Nimejaribu. Nainama, mkono unafika hapa." Alimwonyesha, vidole vimesimama hewani juu ya sakafu, mbali kidogo na kitu ambacho hakikuwapo. "Hauendelei. Wewe utanisaidia, au niendelee kuvivuka peke yangu mpaka nife?"

Adhana ya magharibi ilianza mtaani. Asumini mkononi mwa Mwanabaraka zilikuwa zimeshaanza kufumbuka, na harufu yake ikaingia mahabusu bila kuombwa na mtu. Kombo alijiinua kwa kiwiko kimoja, taratibu, akakaa. Alivitazama vile vidole vya mkewe vilivyokuwa bado hewani. Kisha akavishika.

"Nipe maji kwanza," alisema. "Nina kiu."